Mbunge mmoja anaweza nini? Jibu kuhusu Christiane Taubira

Swali: Shikamoo mzee. Nafundisha Historia na Uraia sekondari huku Kilwa. Tulipofika mada ya Bunge, mwanafunzi mmoja aliuliza mbunge asiye na chama kikubwa anaweza kufanya nini zaidi ya kupiga meza. Nikamtaja yule mama mweusi wa Ufaransa, Christiane Taubira, ambaye niliwahi kusikia redioni kwamba alipitisha sheria kuhusu utumwa. Baada ya hapo nikakwama. Ilikuwaje mtu wa Amerika Kusini awe mbunge Paris? Ni kweli ndiye aliyemnyima Jospin urais mwaka 2002? Kwa nini aliacha uwaziri? Na hiyo sheria yake inatuhusu sisi wa pwani hii, au ni mambo ya Atlantiki tu?

Marahaba, Mwalimu. Maswali yako ni manne, la mwanafunzi wako ni la tano, na hilo la tano ndilo lililonifanya niweke kando kazi nyingine. Nimefundisha siasa za nchi zinazosema Kifaransa kwa miaka mingi, na kila nikifika kwa Taubira wanafunzi hutaka kusikia habari za uwaziri. Mimi huwarudisha nyuma, kwenye miaka 19 aliyokaa bungeni akiwa mbunge wa kawaida, hana wizara, hana chama cha maana nyuma yake. Mwanafunzi wako atapata jibu lake huko.

Tuanze na ramani. Ukiwa Kilwa, Ufaransa iliyo karibu nawe zaidi si Paris, ni Mayotte. Visiwa vile, vilivyo jirani na Anjouan ya Komoro na vyenye watu wanaozungumza lugha iliyo ndugu na Kiswahili, ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, na vinapeleka wabunge wao Paris kama Marseille au Lyon wanavyopeleka. Guyana ya Ufaransa iko hivyo hivyo, ila yenyewe ipo ng'ambo ya Atlantiki, imebanwa kati ya Brazili na Suriname. (Usiichanganye na Guyana ya Georgetown, iliyotawaliwa na Waingereza. Wanafunzi huchanganya kila mwaka.) Ilikuwa koloni la watumwa, kisha ikawa gereza: wafungwa wa Ufaransa walipelekwa huko kwa maelfu kuanzia karne ya 19, na Kapteni Dreyfus, yule ofisa wa jeshi aliyesingiziwa usaliti, alifungwa kwenye kisiwa chake kimoja. Mwaka 1946 sheria iliigeuza kuwa mkoa. Leo wengi wanaijua kwa sababu ya Kourou, roketi za Ulaya zinakorushwa. Katika Bunge la Taifa lenye viti 577, mkoa huo una viti viwili.

Taubira alizaliwa Cayenne, mji mkuu wa mkoa huo, Februari 2, 1952. Mama yake alikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini, akawalea watoto peke yake, na alifariki Christiane akiwa bado msichana wa shule. Alikwenda Paris kusoma uchumi, akarudi nyumbani kufundisha uchumi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kumbe mwalimu mwenzako! Wakati huo hakuwa akiota kuingia Bunge la Ufaransa. Alikuwa mwanaharakati aliyetaka Guyana ijitawale, na mumewe wa wakati huo alifungwa kwa njama ya kulipua matangi ya mafuta huko huko Guyana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wote wawili walianzisha chama kidogo cha mkoa, Walwari, na mwaka 1993 mama huyu aliyekuwa akiipinga dola ya Ufaransa akachaguliwa kuingia ndani ya Bunge lake.

Mwaka huo huo Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi, alikuwa anatoka, baada ya kuwa mbunge tangu 1945. Sisemi alimwachia kijiti, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jimbo lake na siasa zake. Lakini ujue kwamba maeneo yale yana mazoea ya kupeleka Paris watu wa maneno. Hata Léon-Gontran Damas, mshairi wa Cayenne, aliwahi kuwa mbunge wa Guyana kati ya 1948 na 1951. Huyo tutakutana naye tena.

Hakuanza kwa ushujaa. Moja ya kura zake za kwanza mwaka 1993 ilikuwa ya kuiunga mkono serikali ya Édouard Balladur, yaani serikali ya mrengo wa kulia, katika kura ya imani. Wapinzani wake wa mrengo wa kushoto hawakumsahaulisha jambo hilo hata baada ya miaka 20. Mwaka 1994 akaingia Bunge la Ulaya kupitia orodha ya Bernard Tapie, mfanyabiashara aliyekuwa na kesi nyingi kuliko marafiki. Mwaka 1997, Wasoshalisti waliposhinda na Lionel Jospin akawa Waziri Mkuu, ndipo alipoketi pamoja na kundi lao, akiwa mshirika bila kuwa mwanachama. Ukimwambia mwanafunzi wako kwamba mwanasiasa wa kushoto huzaliwa wa kushoto, utakuwa umemdanganya.

Sasa tuingie kwenye sheria.

Ufaransa, kama kwetu, miswada mingi huletwa na serikali. Mbunge anaweza kuleta muswada binafsi, ila njia yake ina miiba. Wa kwanza ni Ibara ya 40 ya Katiba: mbunge haruhusiwi kuleta pendekezo linalopunguza mapato ya umma au kuongeza matumizi. Kwa hiyo muswada binafsi unaogusa fedha hufia mlangoni. Wa pili ni ratiba. Kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyoamua nini kijadiliwe na lini, hadi Katiba iliporekebishwa mwaka 1995, Bunge likapewa kikao kimoja kila mwezi kwa ajili ya mambo yake lenyewe. Kikao kimoja kwa mwezi, wabunge 577! Wa tatu ni Seneti, yaani baraza la pili la kutunga sheria, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa mrengo wa kulia. Muswada lazima upite pande zote mbili kwa maneno yale yale. Seneti ikibadili hata mstari mmoja, muswada unarudi.

Taubira aliwasilisha muswada wake Desemba 1998. Angalia alivyochagua wakati. Ulikuwa mwaka wa 150 tangu Ufaransa ikomeshe utumwa, Aprili 27, 1848. Serikali ilikuwa imeandaa sherehe nzuri za kumsifu Victor Schœlcher, mwanasiasa aliyesimamia amri ile, na Jamhuri iliyowapa watu uhuru. Lakini Mei 23 mwaka huo, maelfu ya watu wenye asili ya Antili (visiwa vya Karibi) na Guyana waliandamana kimya katika mitaa ya Paris. Hawakuja kumshukuru mkombozi. Walikuja kuwakumbuka waliotumikishwa, ambao majina yao hayakuwa kwenye mabango ya sherehe. Mwanasiasa mwenye masikio alielewa kwamba kuna deni hapo. Taubira aliligeuza kuwa vifungu vya sheria, na hiyo ni kazi tofauti kabisa na kutoa hotuba.

Februari 18, 1999, katika kikao kilichotengwa kwa kundi la Wasoshalisti, alisimama kama mtoa taarifa wa kamati ya sheria kwa muswada wake mwenyewe. Hotuba ile nimeisoma mara nyingi. Alianza kwa kusema kwamba jambo walilolishika si kitu baridi cha kuchunguzwa. Kisha akaeleza taarifa yake si nini: si tasnifu ya historia, wala si hati ya mashtaka, kwa sababu hatia hairithiwi. Akasema nia yao si kisasi. Mbunge wa kulia aliyekuja amejiandaa kujibu “mnataka kutuhukumu kwa makosa ya mababu” alikuta jibu lake limeshatolewa kabla hajafungua mdomo. Kura ilipopigwa, muswada ulipita bila hata mmoja kupinga.

Ulipita, lakini haukupita mzima. Muswada wa awali ulikuwa na kifungu kilichotaka iundwe kamati ya wataalamu kutathmini madhara ya utumwa na kuangalia namna ya fidia. Kamati ya sheria ilikifuta. Hapo ndipo wengi wanapomlaumu mpaka leo: sheria inasema ni uhalifu, halafu haisemi nani alipe. Mimi nadhani alijua tangu mwanzo kwamba kifungu hicho hakitafika. Aliacha kiondoke ili vingine vibaki, na vilivyobaki havikuwa maneno matupu. Kifungu cha 2 kinataka biashara ya watumwa na utumwa vipewe nafasi inayostahili katika mitaala ya shule na katika utafiti. Kifungu kingine kinaruhusu vyama vinavyolinda kumbukumbu ya watumwa kwenda mahakamani vikiwa wadai. Wewe ni mwalimu, unajua tofauti ya mada iliyoandikwa kwenye mtaala na mada inayotegemea huruma ya mwalimu.

Ikafuata safari ya Seneti. Muswada ulikwenda ukarudi, na haukumalizika hadi Mei 10, 2001, Seneti ilipoupitisha bila kubadili neno. Miaka miwili na zaidi, kwa sheria yenye vifungu vichache! Ilitiwa saini Mei 21, 2001, na Wafaransa wote wanaiita sheria ya Taubira. Miezi mitatu baadaye ukafanyika mkutano wa Umoja wa Mataifa Durban kuhusu ubaguzi wa rangi, na Ufaransa ikaenda nayo mkononi.

Basi mwambie mwanafunzi wako: mbunge asiye na chama kikubwa anahitaji mambo matatu, na kupiga meza si mojawapo. Ajue kanuni za Bunge kuliko mawaziri. Achague jambo ambalo wapinzani wake wataona aibu kulipigia kura ya hapana. Na ajue kifungu gani akiache kianguke. Taubira alikuwa nayo yote mwaka 1999. Mwaka 2002, kwa maoni yangu, ufundi huo ulimponyoka.

Hapo tunafika kwa Jospin. Uchaguzi wa rais wa Aprili 21, 2002 ulikuwa na wagombea 16, na wa mrengo wa kushoto walikuwa wamejaa kama abiria wa daladala ya jioni. Taubira alisimama kwa tiketi ya chama kidogo cha Waradikali wa Kushoto, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kugombea urais wa Ufaransa. Alipata kura 660,447, asilimia 2.32. Guyana kwenyewe alipata zaidi ya nusu ya kura zote. Jospin alipata asilimia 16.18, Jean-Marie Le Pen wa siasa kali za kulia akapata 16.86, akaingia duru ya pili na Jacques Chirac. Kati ya Jospin na Le Pen kulikuwa na pengo la kura zisizofika 195,000.

Ukifanya hesabu ya mtoto wa darasa la nne, utasema theluthi moja ya kura za Taubira ingetosha kumwokoa Jospin. Ndivyo Wasoshalisti walivyosema usiku ule, na wengine wanasema hadi leo. Hesabu ni sahihi. Hukumu ndiyo ninayoikataa. Jean-Pierre Chevènement, aliyekuwa waziri wa Jospin mwenyewe, alipata asilimia 5.33, zaidi ya mara mbili ya Taubira. Chama cha Kijani kilipata zaidi ya 5, Wakomunisti zaidi ya 3, na Watrotski, yaani wafuasi wa mwanamapinduzi Trotsky, ukiwajumlisha wote, walipita 10. Kwa nini basi jina linalotajwa kwanza ni la mwanamke kutoka Cayenne? Jospin alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka mitano mfululizo. Kama baada ya miaka mitano unategemea kura za mgombea wa Guyana, tatizo si Guyana. Bado namlaumu Taubira kwa jambo moja: alisimama wakati wagombea wa kushoto walikuwa tayari wamejaa, na kwa mtindo wa duru mbili hilo ni kosa la kiufundi. Kosa la kiufundi, lakini, si usaliti.

Baada ya hapo aliendelea na ubunge kimyakimya, na kuna kipande cha miaka hiyo ambacho sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kukijua zaidi. Mwaka 2008 Rais Nicolas Sarkozy, wa mrengo wa kulia, alimpa kazi ya kuchunguza mikataba ya ubia wa kiuchumi kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, ile tuliyozoea kuiita EPA. Mwalimu wa uchumi alirudi kazini. Ripoti yake iliikosoa Tume ya Ulaya kwa namna ilivyokuwa ikizisukuma nchi maskini zifungue masoko yao, na ilitaka siasa irudishwe mezani badala ya kuwaachia mambo wataalamu wa biashara peke yao. Miaka minane baadaye, mwaka 2016, hoja za aina hiyo hiyo zilisikika Dodoma, Bunge letu lilipoishauri serikali isisaini mkataba wa Afrika Mashariki na Ulaya, ilhali Kenya na Rwanda zilikuwa zimeshasaini.

Uwaziri ulikuja Mei 2012, Rais François Hollande alipomteua Waziri wa Sheria. Kwa Kifaransa cheo hicho huitwa Mtunza Mihuri. Nilicheka kidogo niliposikia: mtu kutoka mkoa uliokuwa gereza la Ufaransa nzima, ndiye aliyekabidhiwa magereza yote.

Kazi iliyompa jina ni sheria ya ndoa ya watu wa jinsia moja. Najua wasomaji wangu wengi, kwa dini zao na malezi yao, hawakubaliani nayo, na sikuletei hapa nikushawishi. Nakuletea kwa sababu ya ufundi wa kibunge. Mjadala ulianza Januari 29, 2013. Upinzani ulileta mapendekezo ya marekebisho zaidi ya 5,000, lengo likiwa kuuchosha muswada usiku na mchana. Taubira alikaa kwenye kiti cha serikali, siku baada ya siku, akijibu. Alizungumza bila karatasi, akinukuu mashairi kwa kichwa, na mmoja wa washairi aliowanukuu bungeni ni Damas, yule mbunge wa zamani wa Cayenne. Wapo wabunge wa upinzani waliokiri hadharani kwamba walimheshimu hata walipokuwa wakipinga. Muswada ulipita Aprili 23, 2013 kwa kura 331 dhidi ya 225.

Vuli ya mwaka ule ndiyo ilikuwa chafu. Mgombea mmoja wa chama cha Le Pen alisambaza picha ya kumfananisha na nyani. Alipozuru Angers mwezi Oktoba, watoto walioletwa na wazazi wao kwenye maandamano walimpungia maganda ya ndizi na kumwita nyani. Novemba gazeti moja la siasa kali likaweka tusi hilo hilo ukurasa wa mbele, na baadaye likatozwa faini. Taubira alisema kilichomshangaza zaidi ni kwamba haikuinuka sauti kubwa na nzuri ya kutahadharisha kwamba jamii ya Wafaransa inapotoka. Wenzake serikalini walichelewa, ukweli ndio huo.

Mageuzi yake ya adhabu ya mwaka 2014, yaliyowarudishia majaji uhuru wa kupima kifungo, nayapita haraka. Yalimletea sifa ya kuwa laini kwa wahalifu, na hayakumpa muda wa kuonyesha kama yanafanya kazi.

Kwa nini aliondoka? Novemba 13, 2015 magaidi waliua watu 130 Paris na Saint-Denis. Siku tatu baadaye Hollande alilihutubia Bunge lote Versailles na kupendekeza kwamba mtu mwenye uraia wa nchi mbili, hata kama alizaliwa Mfaransa, avuliwe uraia wa Ufaransa akihukumiwa kwa ugaidi. Fikiria maana yake kwa Bunge ambalo kwa miaka mingi lilifundisha kwamba Mfaransa ni Mfaransa. Sheria ingewagawa wazaliwa wa nchi moja kwenye makundi mawili kwa kuangalia wazazi wao wametoka wapi. Mwezi Desemba, akiwa ziarani Algeria, Taubira aliiambia redio ya huko kwamba pendekezo hilo limeachwa. Kesho yake baraza la mawaziri likatangaza kwamba halijaachwa. Waziri wa Sheria ameumbuliwa na serikali yake mwenyewe, tena kwa maneno aliyoyasema nje ya nchi! Kwetu mtu angesingizia ugonjwa, akajiuzulu kimya. Yeye alikaa mwezi mzima, akajiuzulu Januari 27, 2016. Aliandika kwamba kuna wakati kupinga ni kubaki, na kuna wakati kupinga ni kuondoka, kisha akatoka wizarani kwa baiskeli mbele ya kamera. Siku chache baadaye kitabu chake cha kulipinga pendekezo lile kilikuwa madukani, yaani alikuwa ameshakiandika angali waziri. Miezi miwili baada ya yeye kuondoka, Hollande akalitupa pendekezo lenyewe.

Hujaniuliza kuhusu 2022, lakini wanafunzi watauliza. Januari mwaka huo alijitosa tena kwenye kinyang'anyiro cha urais na kushinda kura ya maoni ya wananchi iliyoandaliwa kuwaunganisha wa kushoto. Wapiga kura zaidi ya 390,000 walishiriki, kwa kuwapa wagombea alama kama za ripoti ya shule, wakiwemo wagombea waliosema wazi kwamba hawashiriki. Kumbe kura hiyo haikumpa alichohitaji kisheria, yaani saini 500 za madiwani wa mikoa, mameya na wabunge. Mtu asiye na chama hana mameya. Machi 2 alijitoa. Unaona mduara? Kutokuwa na chama ndiko kulikomruhusu kusema na kila mtu mwaka 1999, na ndiko kulikomfungia mlango mwaka 2022.

Nimeliacha swali lako la mwisho makusudi, kwa sababu wewe uko Kilwa.

Kifungu cha 1 cha sheria ile, kwa Kiswahili changu, kinasema hivi: Jamhuri ya Ufaransa inatambua kwamba biashara ya watumwa weusi ya kuvuka Atlantiki, pamoja na biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi, na utumwa wenyewe, uliotendwa tangu karne ya 15 katika bara la Amerika na Karibi, katika Bahari ya Hindi na Ulaya, dhidi ya Waafrika, wenyeji wa asili wa Amerika, Wamalagasi na Wahindi, ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Bahari ya Hindi imetajwa mara mbili. Haikuingia kwa bahati. Visiwa vya Réunion na Mauritius vilikuwa vya Ufaransa katika karne ya 18, vilikuwa na mashamba ya kahawa na baadaye miwa, na mashamba yalitaka mikono.

Mikono hiyo ilitafutwa hapo ulipo. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliweka mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 (sarafu za fedha za wakati ule) kila mmoja, na Morice angempa Sultani zawadi ya piasta mbili kwa kila kichwa. Mfanyabiashara mwingine, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, asingeruhusiwa kununua kabla Morice hajatosheka. Mkataba ulikuwa wa miaka 100, na Morice akapewa ngome ya kuweka mizinga na bendera yake. Maandishi yake yapo na yamechapishwa. Wasomee wanafunzi wako, kisha wapeleke Kisiwani waangalie magofu.

Ila wasomee na upungufu. Wakosoaji wa sheria ya Taubira, wakiwemo wanahistoria waliotia saini tamko mwaka 2005 kutaka sheria za namna hiyo zifutwe, wanasema Bunge halina kazi ya kuandika historia. Wengine wanasema sheria imekaa kimya kuhusu misafara ya Waarabu na Waswahili, kuhusu soko la Unguja na kuhusu njia za jangwani. Kwenye hilo la kwanza siko nao kabisa, maana sheria haimwambii mwanahistoria aandike nini. La pili lina uzito, na kwetu lina uzito zaidi: mkataba wa Morice una pande mbili, na upande mmoja ni wa Sultani wetu. Bunge la Paris lilikiri la kwake. Halikuwa na mamlaka ya kukiri la kwetu.

Ukitaka tarehe za kuandika ubaoni, ziko mbili. Mei 10, siku Seneti ilipomaliza kazi, ndiyo siku ya kitaifa ya kumbukumbu ya utumwa Ufaransa bara tangu 2006. Réunion wanayo yao, Desemba 20, kwa sababu ndiyo siku uhuru ulipofika kisiwani mwaka 1848. Ni sikukuu ya mapumziko, na kwa Kikrioli cha huko wanaiita Fèt Kaf. Kaf ni mtu mweusi, na wengi wa mababu wa watu hao walipakiwa majahazini na merikebuni kutoka pwani hii.